Jibu Nililoliita Fotokopi

Swali lilikuwa hili: KKS ya namba mbili ni 6 na KDS yake ni 180, tafuta namba hizo. Nililitunga mwenyewe kwa ajili ya mtihani wa majaribio wa Darasa la Saba, nikalipa alama nyingi kuliko mengine kwa sababu nililihesabu kuwa swali la kuchuja, la kuwatenga wanaojua na wanaobahatisha. Kwenye mwongozo wa kusahihisha niliandika jibu moja tu, 30 na 36. Aliyeandika 30 na 36 alipata vema. Aliyeandika 12 na 90 alikosa. Aliyeandika 18 na 60 alikosa. Na kijana mmoja aliyeandika 6 na 180, yaani namba zilezile zilizokuwa kwenye swali, hakukosa tu. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwita Fotokopi.

Wote hao walikuwa wamepata. Aliyekosa nilikuwa mimi.

Nianze na hesabu yenyewe. Nikianza na majuto, msomaji atanihurumia kabla hajajua nilifanya nini, na mimi sitaki huruma ya mkopo.

Kwa aliyeachana na daftari la Hisabati siku nyingi: Kigawo Kikubwa cha Shirika, ndiyo KKS, ni namba kubwa kuliko zote inayogawanya namba zote mbili bila kubakiza. Kigawe Kidogo cha Shirika, ndiyo KDS, ni namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili bila kubakiza. Sasa chukua 12 na 90. Namba kubwa inayoingia katika zote mbili ni 6. Namba ndogo ambayo zote mbili huingia ndani yake ni 180. Chukua 18 na 60: 6 tena, 180 tena. Kisha chukua 6 na 180 zenyewe. 6 inaingia katika 6 mara moja na katika 180 mara 30, na hakuna namba iliyo kubwa kuliko 6 inayoweza kuingia katika 6. KKS ni 6. Nayo 180 inagawanyika kwa 6, inagawanyika kwa 180, na hakuna namba iliyo ndogo kuliko 180 inayogawanyika kwa 180, ukiacha sifuri ambayo hatuihesabu. KDS ni 180. Kijana alisoma swali, akaona jibu limekaa humohumo, akaliandika.

Na si swali lile peke yake. Swali lolote la aina hii lililotungwa sawasawa lina jibu la namna hiyo, kwa sababu KKS lazima iingie katika KDS bila kubakiza, na ikishaingia, basi KKS na KDS zenyewe ni jozi inayotimiza masharti. Miaka yote niliyoandika maswali hayo ubaoni, nilikuwa naandika na jibu mojawapo hapohapo, kwa chaki yangu mwenyewe, mbele ya watoto zaidi ya sabini, halafu nageuka na kuuliza nani anajua.

Nilikoseaje? Nilikuwa natunga kwa kuanzia mwisho. Nachagua jozi kichwani, tuseme 30 na 36. Naichambua kwa vigawo tasa: 30 ni 2×3×5, na 36 ni 2×2×3×3. Nachukua vilivyo vya shirika, 2×3, napata 6. Kisha nachukua kila kigawo tasa kwa wingi wake mkubwa, 2×2×3×3×5, napata 180. Nikishamaliza nafuta nilikoanzia, namwachia mtoto nilikofikia, namwambia arudi. Jozi yoyote ya namba ina KKS moja na KDS moja, halina ubishi hilo. Mimi nikalipindua bila kujua kwamba nimelipindua: nikaamini kwamba KKS moja na KDS moja nazo zina jozi moja.

Kulikuwa na kosa jingine lililonisaidia kutoliona hilo la kwanza. Nilikuwa na kanuni yangu ya mkato. Kwa namba mbili, ukizidisha KKS kwa KDS unapata zao la namba zenyewe. Hiyo ni kweli kabisa: 6×180 ni 1,080, na 30×36 ni 1,080. Basi niliwafundisha watoto wazidishe, kisha watafute namba mbili ambazo zao lake ni hilo, na zikiwa nyingi wachague zinazokaribiana zaidi. Kwa nini zinazokaribiana? Sikuwa na sababu. Nilikuwa nimezoea tu kutunga kwa namba zilizo jirani, kwa hiyo kanuni ilikuwa inanirudishia kile nilichokwisha kukiweka mwenyewe, na mimi nikaona kanuni inafanya kazi. Ungenipa KKS ya 2 na KDS ya 72, kanuni yangu ingezaa 144, kisha 12 na 12, jozi ambayo KKS yake ni 12. Jozi za kweli hapo ni mbili, 2 na 72, na 8 na 18. Sikupewa swali hilo na mtu. Niliyekuwa nikitoa maswali nilikuwa mimi.

Kwa hiyo ile siku ya kusahihisha, nilikuwa nimejifunga kamba mbili na sikuwa nahisi hata moja.

Shule yetu ilikuwa ya kijijini, mkoani Tanga, na mimi nilikuwa mwalimu wa taaluma. Tulikuwa tumepata mwalimu mpya, binti aliyetoka chuoni, nikampa nusu ya rundo la karatasi anisaidie. Akaja mezani kwangu ameshika karatasi moja. Akanisalimu, ingawa asubuhi tulikwisha kusalimiana, nikajua kuna neno. "Mwalimu, naomba uniangalizie hapa. Mwongozo unasema 30 na 36, lakini huyu kaandika 12 na 90, nikijaribu naona nazo zinakubali."

Nakumbuka nilivyomjibu kwa sababu walimu wenzangu walicheka, nami nikapenda kicheko kile. "Madamu, fuata mwongozo. Tukianza kukubali kila kinachokubali, hatutamaliza kusahihisha."

Akarudi kwenye kiti chake. Akafuata mwongozo.

Isomwe tena sentensi yangu ile, maana mimi nimeisoma mara nyingi. Nilisema wazi, kwa mdomo wangu, kwamba jibu linakubali, na kwamba hilo halitoshi. Katika Hisabati hakuna kingine kinachotosha. Mwalimu wa historia anaweza kubishana na mwanafunzi juu ya sababu za jambo fulani mpaka kengele ilie. Kwetu sisi unachukua jibu, unalirudisha kwenye swali, likikubali limekubali, awe amelitoa mkaguzi wa shule au mtoto aliyechelewa namba.

Siku ya kurudisha karatasi ndipo nilipofika kwa yule wa 6 na 180. Alikuwa akikaa nyuma, mwandiko wake mbaya, alama zake za katikati. Nikainua karatasi yake juu. Nikasema, huyu bwana hakufanya hesabu, ameniletea fotokopi ya swali langu. Darasa likaangua kicheko. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini mwalimu, zinakubali." Neno lilelile la yule binti. Nikamwambia akae chini.

Kuna jambo hapa ambalo ningeweza kulipita na hakuna ambaye angejua. Jibu lile lile lingetoka kwa msichana aliyekuwa akiongoza darasa, ningelikagua. Ningeketi, ningechukua kalamu, ningesema hebu tuone ameona nini huyu. Kwa kijana yule sikukagua kwa sababu nilikwisha kuamua ni nani. Kutojua ni kosa la kichwa. Hili la pili sijui niliweke upande gani, ila najua si la Hisabati.

Usiku wa siku hiyo ndipo nilipoketi na hesabu. Si kwa dhamira njema. Nilitaka kupata mahali 12 na 90 zinapokataa ili kesho yake nimwonyeshe madamu, yaishe. Nikazijaribu. Zikakubali. Nikajaribu 18 na 60. Zikakubali. Nikaja kwenye 6 na 180, nikakaa nazikodolea macho muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa hesabu ya Darasa la Tano.

Nikaanza kulifumua jambo lenyewe, na lilivyojifungua ni hivi. Kama KKS ni 6, basi kila namba kati ya hizo mbili ni 6 mara kitu fulani. Ya kwanza ni 6 mara kitu, ya pili ni 6 mara kitu kingine, na vitu hivyo viwili havina kigawo cha shirika zaidi ya 1, maana vingekuwa nacho kingejiunga na ile 6 na KKS ingekuwa kubwa zaidi. KDS nayo ni 6 mara vitu vyote viwili. Gawanya 180 kwa 6, unapata 30. Kwa hiyo kazi yote imebaki kuwa hii: gawa 30 iwe mafungu mawili yasiyoshirikiana chochote. 30 ni 2×3×5. Ni kama ndugu wawili walioachiwa shoka, jembe na mkeka: kila kitu lazima kiende kizima kwa mmoja wao, hakuna kukata shoka katikati. Mmoja akikosa vyote na mwenzake akachukua vyote, mafungu ni 1 na 30. Mmoja akichukua 2 peke yake, ni 2 na 15. Akichukua 3, ni 3 na 10. Akichukua 5, ni 5 na 6. Yameisha. Zidisha kila fungu kwa 6 na jozi zote nne zinasimama mbele yako: 6 na 180, 12 na 90, 18 na 60, 30 na 36.

Idadi yake unaweza kuijua hata kabla ya kuzitafuta. Kila kigawo tasa kina uchaguzi wa aina mbili, kwenda huku au kule. Vikiwa vitatu ni 2×2×2, yaani 8, na kwa kuwa hatujali namba ipi itajwe kwanza, gawanya kwa 2, unabaki na 4. Ukimpa mtoto KKS ya 12 na KDS ya 2,520, mgawanyo ni 210, yaani 2×3×5×7, na jozi zinakuwa 8. Ziko wapi? 12 na 2,520, 24 na 1,260, 36 na 840, 60 na 504, 72 na 420, 84 na 360, 120 na 252, 168 na 180. Mwalimu mwenye mwongozo wa jibu moja hapo anakataa majibu saba ya haki.

Ila pana mtego, na mtego huo nao uliwahi kuninasa baadaye nilipojiona nimeerevuka. Sema KKS ni 6 na KDS ni 72. Mgawanyo ni 12. Mtu mwenye haraka atasema 12 inagawika kuwa 1 na 12, 2 na 6, 3 na 4, basi jozi tatu. Hapana. 12 ni 2×2×3, na zile mbili za 2 ni lazima ziende pamoja upande mmoja kama 4. Ukizitenganisha, kila upande unabaki na 2, nayo ni shirika, na KKS inapanda. Jaribu: 2 na 6 mara 6 ni 12 na 36, ambazo KKS yake ni 12 na KDS yake ni 36. Kwa hiyo jozi za kweli ni mbili tu, 6 na 72, na 18 na 24.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho bado kinanisumbua kama mtunzi wa mitihani. Ili swali la aina hii liwe na jibu moja pekee, ule mgawanyo wa KDS kwa KKS usiwe na zaidi ya kigawo tasa cha aina moja, tuseme 5, au 8, au 27. Na ukiwa hivyo, jibu lenyewe la pekee ni lile la kijana wangu: KKS na KDS kama zilivyo kwenye swali. Mwalimu anayetaka jibu moja lisilokuwa hilo anataka kitu ambacho hakipo. Ama anapokea majibu mengi, ama anapokea fotokopi.

Hayo hayakuwa mapya duniani. Euclid, aliyeandika huko Aleksandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, katika kitabu cha saba cha Elements anaonyesha namna ya kupata KDS ya namba mbili: kama hazina kigawo cha shirika, zizidishe, kama zinacho, rahisisha uwiano wake mpaka mwisho, kisha zidisha kwa kupishanisha. 30 kwa 36 ni 5 kwa 6. Basi 30×6 ni 180, na 36×5 ni 180. Zile 5 na 6 ndizo mafungu niliyoyatafuta usiku ule, zipo pale waziwazi, nami nilikuwa narahisisha uwiano na wanafunzi kila mwaka pasipo kuuhusisha na somo la wiki iliyopita. Carl Friedrich Gauss naye, katika Disquisitiones Arithmeticae ya mwaka 1801, alithibitisha kwamba kila namba inachambuliwa kwa vigawo tasa kwa njia moja tu. Nadhani hilo ndilo lililonidanganya. Namba moja ina uchambuzi mmoja, nikaona ni haki yangu kudai kwamba jozi nayo iwe moja.

Basi nilijua. Usiku huohuo nilijua, na kesho yake nilikwenda shule.

Kesho yake hakikutokea chochote, nami ndiye niliyehakikisha hakitokei. Matokeo yalikuwa yamebandikwa ukutani. Kumi bora walikuwa wamesomwa paredi, wamepigiwa makofi, wamepewa madaftari. Ningerudisha zile alama, orodha ingebadilika. Kuna mtoto angeingia kumi bora na mwingine angetoka na daftari lake mkononi, na mzazi wake angekuja kuuliza. Mwalimu mkuu angeuliza. Walimu waliocheka na mimi wangecheka tena, safari hii si na mimi. Nikajiambia kwamba mtihani wenyewe ni wa majaribio tu, hauendi popote. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu nilishindwa kujitetea nalo vizuri: kama hauendi popote, kuurekebisha kungenigharimu nini?

Nilichofanya ni kubadilisha swali badala ya kubadilisha alama. Muhula uliofuata niliandika: KKS ya namba mbili ni 6, KDS yake ni 180, na jumla yake ni 66. Hapo jibu ni moja. Jumla za zile jozi nne ni 186, 102, 78 na 66, hakuna mbili zinazolingana, wala haziwezi kulingana, kwa sababu namba mbili zikishajulikana zao lake na jumla yake, zimeshajulikana zenyewe. Ukipenda tumia tofauti yake badala ya jumla, itakubali pia. Ukipenda taja namba moja, waitafute ya pili, lakini uwe mwangalifu, maana ukiitaja 24 kwa kubahatisha, hesabu itatoa 45 bila kulalamika, na 24 na 45 KKS yake ni 3. Nilikuwa mwangalifu sana kuanzia hapo. Maswali yangu yakawa mazuri. Wakaguzi waliyasifu. Kila sifa niliipokea nikijua imetoka kwenye karatasi ya nani.

Yapo na makosa mengine ya ukoo huohuo, nayataja haraka. Niliwahi kuandika KKS ya 8 na KDS ya 60, usiku umekwenda na sina jozi yoyote kichwani. Nikazidisha, 480, nikatafuta zinazokaribiana, 20 na 24, nikaziweka kwenye mwongozo. KKS ya 20 na 24 ni 4. Swali lile halina jibu lolote, kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 8. Waliopata vema walipata kwa kufuata kanuni yangu mbovu, na waliosema haiwezekani, kama walikuwapo, waliacha nafasi wazi nikawapa sifuri. Na kwa muda mrefu nilisema "zao la namba" bila kusisitiza kwamba ni namba mbili. Chukua 4, 6 na 10: KKS ni 2, KDS ni 60, zidisha upate 120. Zao lake hasa ni 240.

Kijana wa Fotokopi hakuchaguliwa kwenda sekondari. Sitasema ni kwa ajili ya swali moja la mtihani wa majaribio. Huko kungekuwa kujipa ukubwa nisio nao, na wenzake wengi hawakuchaguliwa vilevile. Lakini jina nililompa lilimaliza shule pamoja naye. Nilipokuja kumkuta, miaka mingi baadaye, anaendesha bodaboda mjini, kwenye madigadi ya pikipiki ameandika FOTO kwa rangi nyekundu. Abiria wake wanadhani zamani alikuwa mpiga picha. Hawakatalii.

Alinisalimu yeye kwanza. Shikamoo mwalimu, kwa furaha kabisa. Nikapanda, nikamwambia hapohapo kabla hajawasha, maana nilijijua. Nikamweleza 6 na 180, nikamweleza zile jozi nne, nikamwambia alikuwa amepata. Alisikiliza kwa adabu. Akasema swali lenyewe halikumbuki. Anachokumbuka ni kwamba baada ya siku ile aliacha kuandika jibu lake mpaka achungulie la jirani, likifanana anaandika, lisipofanana anafuta. "Nikaona bora tukose wote," akasema, akacheka. Nauli hakutaka kuipokea. Nilimwekea mfukoni kwa nguvu, tukavutana kidogo pale stendi kama watu wanaogombana, na sijui waliotuona walifikiri nini.

Aliyebaki alikuwa madamu. Huyo nilimkwepa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu mtoto unaweza kumwomba radhi ukabaki mwalimu wake, lakini mwalimu mwenzako akijua umejua, hamjui tena nani amsahihishe nani. Sasa ni mwalimu mkuu wa shule nyingine, wilaya nyingine. Nilimpigia simu nikiwa nimeshastaafu. Nikamkumbusha karatasi ya 12 na 90, nikamwambia alikuwa na haki, na kwamba mimi niliijua haki hiyo usiku wa siku ile ya kurudisha karatasi.

Akasema anajua.

Nikamuuliza alijuaje. "Muhula uliofuata uliongeza jumla kwenye swali," akasema. "Mtu ambaye hajaona zile jozi nyingine hawezi kuongeza jumla, Mwalimu. Haina kazi."

Nikamuuliza, sasa mbona alinyamaza? Akakaa kimya kidogo, kisha akasema alikuwa bado hajathibitishwa kazini, na mwalimu mkuu alikuwa amemwambia kwamba atakayeulizwa juu ya utendaji wake ni mimi.